Hedifoni ya Ijumaa

Mimi ni msusi. Nimeshika vichwa vya watu kwa miaka kumi na minne katika saluni yangu ndogo hapa Buruburu, kwa hivyo sitishwi ovyo na uchafu. Mba nimeuona. Chawa nimewaona, tena kwenye kichwa cha mwanamke aliyekuja na gari lake na kuliegesha mlangoni ili sote tulione. Nimefumua nywele zilizosukwa tangu Krismasi, zikatoa harufu ya gunia lililolowa, na jioni nikala ugali wangu kama kawaida. Lakini hedifoni za bei nafuu za jiji hili zilinishinda. Mpaka leo nikiona ile sponji nyeusi ya masikioni, mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu.

Aliyenipeleka huko ni ndugu yangu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akiwa kazini, kwa hivyo hata alipoota ndevu mimi bado nilimwona ana kamasi. Alikuwa anakaribia kumaliza mwaka wa pili Uarabuni, mlinzi kwenye ghala. Ukimpigia simu, mama anauliza umekula, anajibiwa nimekula. Unalala vizuri? Nalala. Uko salama? Niko poa. Simu inakatwa, mama anabaki anatabasamu, na mimi najua tumedanganywa sote wawili.

Ukweli alikuwa anausema kwenye gemu. Alituachia mashine yake ya zamani ya kuchezea mpira kwenye runinga, na huko aliko mwenzake mmoja wa chumbani ana nyingine. Siku yake ya kupumzika ni Ijumaa. Saa nane mchana anaingia kule, mimi naingia huku, tunacheza timu moja dhidi ya nyingine huku tukiongea kwa hedifoni. Mimi si mchezaji. Nilikuwa nafungwa mabao sita, saba, na nilikuwa sijawahi kumfunga hata moja. Lakini mikono yake ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye mpira, ulimi unalegea. Ni hapo nilipojua kwamba anasimama saa kumi na mbili mfululizo, kwamba miguu yake inavimba mpaka viatu haviingii, kwamba pasipoti yake iko kwenye droo ya bosi. Nikawa nafunga saluni kila Ijumaa saa saba, na mteja wa kununa anune.

Mwaka huo mkataba wake ulikuwa unaisha. Ama atie sahihi miaka miwili mingine, ama arudi nyumbani. Mama alitaka kitu kimoja tu duniani, arudi. Mimi pia. Na mahali pekee ambapo mtu angeweza kumuuliza akajibu kwa moyo wake ni pale kwenye gemu.

Sasa hedifoni aliyotuachia ndiyo iliyokuwa inaoza. Ngozi ya sponji ilikuwa inabanduka magamba meusi madogo, yananishika mashavuni na shingoni, na jasho likiyakuta yananata. Jumamosi moja mteja alinitazama kwenye kioo na kuniuliza kwa sauti ya huruma kama nimeenda hospitali kuonyesha ile ngozi. Ngozi gani! Nilikuwa nimevaa jasho la ndugu yangu la miaka mitano. Halafu sikio la kushoto likafa, na la kulia likawa linatoa sauti ya ndugu yangu kama ya mtu aliyetumbukia ndani ya tangi. Nikasema basi, nanunua nyingine. Iwe ya waya, kwa sababu mashine ile ni ya zamani na zile zisizo na waya haizitambui, na iwe ya bei ambayo msusi anaweza kuitaja bila kushika moyo.

Nilianzia kwenye kibanda cha gemu mtaani kwetu, maana niliona wao wanazivaa kutwa kucha, watakuwa wanajua. Mwenye kibanda alinikaribisha vizuri, akamvua kijana mmoja hedifoni kichwani na kunivika mimi kabla sijafungua mdomo. Mungu wangu. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na unyevu. Ile sponji ilinigusa sikio kama ulimi wa ng'ombe, na ikanipiga harufu ya mafuta ya nywele ya watu ishirini tofauti, mengine nayajua kwa majina. Mwenye kibanda alikuwa ananieleza habari ya besi, jinsi ilivyo nzito, na mimi nilikuwa nimebana pumzi kama mtu anayepita kwenye mtaro uliopasuka. Niliivua na kwenda kuosha masikio kwa sabuni ya kufulia. Niliosha mara mbili.

Hapo lazima niseme kitu kuhusu sisi watu wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki ya jiji, nikiwemo mimi. Sisi tumelelewa na besi. Gari lisilotikisa vioo hatuoni kama ni gari, na arusi ambayo spika hazikutetemesha sufuria jikoni tunasema ilikuwa matanga. Mtu akinunua redio, simu, hata spika ya kanisa, swali ni moja tu, besi iko? Muuzaji anaweka wimbo, anapandisha sauti, mnunuzi anafumba macho na kutikisa kichwa. Kikitikisika vya kutosha, biashara imeisha. Sijawahi kuona mtu akinunua kitu cha masikioni kwa njia nyingine, na mama yangu pia hajawahi.

Kwa hivyo nilipofika Majengo kwa mwanamke mmoja niliyeelekezwa, nilimwona kichaa. Alikuwa amejifunga buibui, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko, anachomelea waya wa simu ya mtu. Nilimwambia ninachotaka. Akavuta kutoka chini ya meza hedifoni moja ya kijivu, haina taa, haina jina, imekaa kama kitu cha kuvaa ukiwa mgonjwa. Kabla hata sijaivaa, akachomeka pini kwenye simu yake na kuniambia niongee. Nikamuuliza niseme nini. Akasema chochote, hata jina la mamangu. Nikasema, nikijisikia mjinga. Akanivika, akairudisha ile rekodi, nikasikia sauti yangu safi kabisa, na nyuma yake nikamsikia mtoto wa jirani akigombezwa kwa kumwaga maji.

"Sasa niwekee wimbo," nikasema.

Akaniwekea. Besi ilikuwa kama mtu anayegonga kikopo cha maziwa. Nikamwambia hii haina kitu. Akaniuliza kama nilikuja kutafuta ngoma au nilikuja kutafuta ya kuongea na mtu, na akaniuliza bila kuinua macho kutoka kwa waya wake, jambo lililoniudhi zaidi ya swali lenyewe. Mimi nina saluni, dada, najua kuhudumia mteja. Nikamrudishia kitu chake. Nikiondoka nilimsikia akisema, si kwangu, bali hewani tu, kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nikafyonya.

Nyingine nikainunua Buruburu, karibu na nyumbani, kwa kijana mmoja mwenye duka linalowaka taa kama arusi. Niliingia tu akaniita siz, kama dada yake, akanifutia kiti. Yeye alijua kuuza. Hedifoni ilikuwa kwenye boksi lililofungwa kwa nailoni, nyeusi na nyekundu, na ukiichomeka inawaka taa pembeni. Sponji zake zilikuwa nene, laini, mpya. Nilizinusa, maana nilikuwa nimeapa hivyo tangu kile kibanda cha gemu, zikanukia dawa kidogo, kama petroli. Akasema ni harufu ya kiwandani. Akaweka wimbo. Mama wee. Besi ilinishuka mpaka kwenye magoti. Nilifumba macho nikatikisa kichwa, na nikatoa elfu moja mia nane hata bila kulilia bei.

Ijumaa ikafika. Niliivaa, nikaketi kwenye kiti cha mama, nikaingia. Ndugu yangu akanisalimia na mimi nikamsalimia, akasema leo unasikika fiti, umenunua nyingine? Nikajisifu. Tukacheza, akanifunga mawili haraka haraka. Nikamuuliza habari ya miguu. Akasema ni vile vile, wa kulia ndio mbaya. Nikasogea mbele kwenye kiti, maana niliisikia sauti yake imebadilika.

Akaniambia karatasi imeshaletwa. Bosi anataka jibu kufikia Jumatatu. Akasema akiwaza kurudi anaona aibu, kwa sababu pesa zote zilikwenda kwa wakala aliyempeleka na kwa dawa za mama, na wenzake waliorudi walirudi na kiwanja, na yeye hana hata begi la maana.

"Dada," akasema, "nikirudi mikono mitupu, mama atanipokea?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo miezi mingi, na nilimjibu vizuri, nakuapia. Nilimwambia arudi hata na kandambili. Nilimwambia kitanda chake hakuna aliyekilalia, kwamba mama kila jioni anachungulia barabarani akidai anaangalia kama mvua inakuja. Nilimwambia nitamfungulia meza ya kunyolea pale saluni, aanze na hapo. Katikati aliniita mara moja, "Dada?" nikadhani machozi yamemzidi, nikaendelea. Mikono yangu ilikuwa inaendelea kucheza yenyewe, kwa mazoea, na nikashangaa kuona nimefunga bao. Wachezaji wake walikuwa wamesimama tu. Nikacheka kidogo huku nalia, nikamwambia ona, hata bao nimekufunga, rudi nyumbani.

Kisha akasema, "Haya, dada. Nimeelewa." Na akatoka kwenye gemu.

Nilimwambia mama anarudi. Sijui kama nimewahi kumwona mama akisimama haraka vile. Alifua blanketi la kitanda cha mwanawe siku hiyo hiyo, na Jumapili akawaambia akina mama wa kanisani, wakaanza kupanga nani ataleta kuku. Nilimkataza kitu kimoja, asiyataje kwa simu, kwa sababu simu yake husikika chumba kizima, wanalala wanane humo, na sikutaka kijana wetu aonekane analilia nyumbani mbele ya wanaume. Mama akatii. Katikati ya wiki alimpigia, akamuuliza umekula, akajibiwa nimekula, niko poa. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Ijumaa iliyofuata niliingia mapema. Nikamsalimia. Kimya. Nikamsalimia tena, nikamuuliza tiketi ni ya lini. Yeye nilimsikia akikohoa, nikasikia hata kiti chake kikilia, lakini hanijibu. Halafu maneno yakatokea kwenye runinga, aliyoyaandika kule kwake: Dada, umenyamaza tena.

Tena. Nikaushika ule waya pale unapoingia kwenye hedifoni, nikaukunja upande mmoja, nikaukunja upande wa pili, nikimwita, mpaka akasema sasa anasikia.

"Wiki ile ulinisikia mpaka wapi?" nikamuuliza.

"Mpaka pale ulipouliza miguu. Halafu nikakuuliza lile jambo, ukanyamaza." Alikuwa anaongea taratibu, kama anayenibembeleza mimi. "Nilikuita. Nikaona timu yako inaendelea kucheza, hata ukanifunga. Nikajua umenisikia, ila hutaki kunidanganya. Si ubaya, dada. Hata mimi singejua la kusema."

Jumatatu alikuwa ametia sahihi.

Nilipotoka pale nilichukua makasi ya saluni na kuipasua ile hedifoni mezani. Sijui nilikuwa natafuta nini. Chini ya sponji mpya kulikuwa na sponji ya zamani, imeoza, imegeuka ugoro. Chini ya hiyo kulikuwa na nta ya masikio, ya kahawia, imekauka kando kando kama uji kwenye sufuria, na ndani ya nta kulikuwa na nywele. Fupi, ngumu, zimepakwa jeli ya bei ya chini ninayoijua kwa harufu kutoka mlangoni. Zilikuwa za vichwa viwili tofauti, kwa sababu nyingine zilikuwa zimetiwa rangi nyekundu. Waya ulikuwa umekatika zamani ukaungwa, na kiungo kilishikiliwa na chingamu iliyotafunwa. Alama za meno zilikuwa bado zipo. Mtu alikuwa ametafuna kitu hicho, akakitema, akakibandika pale, akafuta kwa petroli, akafunga nailoni juu. Na maneno yote niliyomwambia ndugu yangu yaliishia hapo, kwenye mate ya mtu. Nilikimbilia chooni nikatapika.

Nikampelekea kijana wa duka mabaki yake kwenye mfuko wa plastiki. Nikayamwaga kwenye kaunta mbele ya wateja, nikamwambia aguse. Hakugusa. Sitasema yote niliyomwambia, maana nimeokoka. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna shingo, halafu akaniuliza kwa upole kabisa:

"Lakini siz, besi si ulisikia mwenyewe?"

Mteja mmoja akacheka. Na ilikuwa kweli. Nilisimama dukani mwake nikafumba macho kwa wimbo mzima, na sikuongea neno hata moja kwenye ile maiki. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia yeye, na yeye nilimchukia vya kutosha. Alinipa nusu ya pesa, nikaziacha pale pale mezani.

Nilienda Majengo nikanunua ile ya kijivu. Mwanamke wa buibui hakunikumbusha lolote, au pengine hakunikumbuka. Alichomeka tu, akaniambia niongee, na safari hii niliongea mpaka akaniambia inatosha.

Kumwambia mama ndiko kulikonichukua siku mbili. Blanketi lilikuwa limeshatandikwa. Nilimweleza yote, waya, chingamu, bao. Alisikiliza akiwa anachambua mchele, na mkono wake haukusimama. Alipomaliza sinia lote ndipo aliponiuliza kama mwanawe hakusikia hata neno moja. Nikamwambia hata moja.

"Basi Ijumaa nitaongea mimi," akasema.

Ijumaa nilimvika ile hedifoni juu ya kitambaa chake cha kichwa na kumwekea maiki mdomoni. Alianza kwa kupiga kelele kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, nikamwambia aseme polepole tu. Runinga ilionyesha uwanja, timu zote mbili zimesimama, hakuna anayecheza.

"Baba," akasema mama. Ndivyo anavyomwita. "Dadako aliongea sana, ni chombo kilichokufa. Umeuliza kama nitakupokea mikono mitupu. Mimi nilikupokea uchi, umejaa damu, huna hata kucha za maana. Sikukuuliza umeleta nini."

Akasikiliza. Mimi sikusikia kitu, masikio yalikuwa yake. Nilimwona tu akitikisa kichwa kidogo, kisha tena kidogo, macho yake kwenye wale wachezaji waliosimama. Halafu akaivua hedifoni, akafuta sponji kwa pindo la leso, upande mmoja na mwingine, na kunipa.

Nikamuuliza amesema nini.

"Amesema miaka miwili si mingi." Aliinuka kwa kushika meza. "Mimi nina sabini na nne."